Stempu ya Nyuma ya Picha

Zenon wa steshenari, pale Katandala, Sumbawanga mjini, alikuwa na ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake: alipenda stempu kuukuu. Wenzake wa rika lake walihangaika na ng'ombe wa maziwa, wengine na siasa za kata, wengine na wake za watu. Yeye akishatoa fotokopi ya mwisho ya siku, aliinamia albamu zake na lenzi jichoni, akachungulia kichwa cha mfalme aliyekwisha oza zamani, akatabasamu peke yake. Mkewe, Monika, alishakata tamaa naye. "Angalau hanywi," aliwaambia majirani.

Ugonjwa huo aliupata ujanani, aliposoma seminari ya Kaengesa, kwa padri mmoja mzee wa Kizungu aliyemfundisha kwamba stempu iliyotumika si takataka. Iliyotumika ina muhuri, na muhuri unaonyesha ilipita posta gani na lini. Upo muhuri wa posta kubwa, umepigwa maelfu kwa maelfu, haumshtui mtu. Na upo wa kiposta cha pembezoni kilichoishi miaka michache kikafa, ambao wakusanyaji wa Ulaya huusaka mpaka uzeeni. Zenon naye alikuwa na muhuri mmoja aliousaka: Bismarckburg. Hilo ndilo jina ambalo Wajerumani waliibandika Kasanga yetu hii, kule chini ziwani. Mtu umezaliwa Ufipa, mvi zimekuotea Ufipa, na muhuri wa kwenu hujawahi kuutia machoni isipokuwa kitabuni! Jambo hilo lilimkera Zenon, nami simlaumu.

Basi asubuhi moja ya Juni, baridi imekaza hata vidole havikunjiki, simu yake ikaingiza picha. Aliyeituma alikuwa Loth wa Mwazye. Mama mdogo wa Zenon, Coleta, aliolewa huko Mwazye na akawa mjane huko huko, na Loth ni mtoto wa shemeji yake, nyumba zao zinatazamana. Ndiye aliyekuwa akimpasulia kuni na kumshika mkono njia ikiwa na utelezi. Picha ilikuwa ya stempu nyekundu yenye meli, ile meli ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani, na juu ya meli muhuri mweusi wa duara, herufi zake zinasomeka zote. Zenon aliikuza kwa vidole viwili, akaisoma. Kisha akaenda kufunga mlango wa duka, mchana kweupe, ili aisome tena.

"Umeipata wapi?" aliandika.

"Nyuma ya picha ya Bikira Maria ya mama mkubwa," Loth akajibu. "Ilianguka yenyewe ukutani. Njoo uone kaka. Njoo upesi."

Mwenye akili zake angejiuliza kwa nini upesi. Zenon alilisoma neno hilo kwa furaha, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na furaha.

Alifika Mwazye Jumamosi kabla ya adhuhuri, mkoba wa vifaa begani. Njia nzima mahindi ya watu yalikuwa yamesimama na majani yaliyotobolewa, magunzi hayana punje. Viwavijeshi walikuwa wamepita mwaka huo. Shamba la mama mdogo peke yake lilikuwa limepona. Ulezi wake uliinamisha vichwa kwa uzito juu ya matuta. Bibi yule hakuwa amepanda mahindi kwa miaka mingi, anasema ugali wa mahindi haumshibishi, na viwavi mwaka ule walichagua mahindi. Hiyo ndiyo sababu, nyingine hakuna. Zenon alipita akasema moyoni, mama mdogo mwaka huu kavuna. Hakujiuliza wengine wakipita hapo wanasema nini.

Wala hakujiuliza kwa nini uani kwa Coleta palikuwa na watu wengi namna ile, na kwa nini wote walikuwa kimya. Polikarp, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa amekaa kwenye benchi. Loth alikuwapo, na mkewe Angela, amejifunga kitenge cheusi. Walikuwa wamemzika mtoto mchanga muda si mrefu uliopita, na mwaka uliotangulia walimzika mwingine. Nyuma ya wote alisimama Limbu, mfugaji aliyehamia na ng'ombe wake kutoka Usukumani, ameegemea fimbo.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivi?" Coleta alimshika mikono yote miwili. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi, kama ya kila mwanamke aliyepikia kuni tangu utoto. "Wamekuja kwa ajili ya hicho kikaratasi. Mimi hata sikujua kama kipo. Nasali mbele ya Mama Maria kila siku, nyuma yake sijawahi kuchungulia."

Loth alitoa kitambaa na kukikunjua. Mtu mmoja akanyoosha kidole, na hapo Zenon akapiga kelele.

"Msiiguse kwa mkono! Mtu yeyote asiiguse kwa mkono!"

Kwa watu wa stempu hayo ni maneno ya kila siku. Jasho la kidole huharibu karatasi. Watu walirudi nyuma, na mama mmoja akamvuta mwanawe akamficha kwenye nguo zake. Zenon hakuwaona. Alikuwa ameshatoa kibano na lenzi, ameinama, na mtu huyo akishainama dunia nzima humpita kando.

Aliikagua kwanza meno, vile vijino vya pembezoni ambako stempu huchanwa kutoka kwa wenzake. Yalikuwapo yote, isipokuwa moja la pembe ya chini lililokatika. Rangi haikuwa imechujuka hata kidogo, maana ilikaa gizani, imeelekea ukuta. Nyuma palikuwa na doa la gundi ya seremala iliyokauka mpaka ikaachia. Doa hilo lingepunguza bei, lakini muhuri ungeirudisha na kuizidisha. Muhuri! Ulikuwa umekaa katikati ya meli kama umepimwa kwa rula, jina zima, tarehe nzima.

Ikabaki kujua kama ni ya kweli, kwa sababu matapeli wapo, nao wanajua kuchapa. Karatasi ya Wajerumani wa wakati ule ilikuwa na alama iliyofichwa ndani yake tangu kiwandani, mistari inayokatana kama wavu, na njia ya kuiona ni moja. Zenon alitoa kisahani chake cheusi, akailaza stempu kifudifudi, akafungua kichupa na kudondoshea petroli nyepesi ya kujazia viberiti.

"Haya, sogeeni muone!" aliita kwa furaha.

Wakasogea. Ndani ya kisahani cheusi, ndani ya maji ambayo hayakuwa maji, yenye harufu ya kuwasha pua, mistari ilianza kujitokeza pale ambapo haikuwapo. Wavu ukaonekana wote, jicho kwa jicho. Kisha yale maji yakakauka yenyewe, hakuna aliyeyafuta, hakuna aliyeyamwaga, na wavu ukazama tena. Stempu ikabaki kavu, nyekundu.

"Mmeona?"

"Tumeona," Polikarp akajibu kwa sauti ya chini.

"Kinasema nini?" Angela aliuliza. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu Zenon afike.

"Kinasema kila kitu, shemeji. Kilikotoka, kilikopita, na siku yenyewe."

"Na aliyekiweka pale ukutani, kinamsema?"

"Huyo sasa hakimsemi," Zenon akacheka. Alicheka peke yake.

Loth alitaka kujua kama ni kitu kikubwa. Zenon akasema ni kikubwa sana, kwamba tangu azaliwe hajakutana na kama hicho. Akakitia kwenye kibahasha cha plastiki. Coleta alimsihi akichukue aende nacho, yeye kizee atakifanyia nini, lakini Zenon alikataa katakata. Mali ya nyumba ya watu haiondoki kabla ya bei kujulikana, alisema. Atawaandikia wanunuzi wa Ujerumani, kisha atarudi na jibu mbele ya ukoo wote. Akakiweka kibahasha ndani ya sanduku la mama yake mdogo, chini ya nguo za kanisani, watu wakimtazama. Alikuwa mwaminifu kupita kiasi, na uaminifu huo nusura umwue yule bibi.

Jumatano Limbu aliingia steshenari. Hakukaa alipokaribishwa. Alisubiri wanafunzi waliokuwa wakitoa fotokopi waondoke, ndipo akasema.

"Mzee Zenon, kile kisahani cheusi ulikipata wapi?"

"Nilikiagiza Dar. Kwa nini?"

"Waganga wanacho cha namna ile. Wanatia maji, wanachungulia, wanamwona aliyeroga. Wewe umechungulia mbele ya watu, ukawaita na wao wakaona wavu."

"Ile ni alama ya kiwandani, bwana wewe! Karatasi ya zamani zile..."

"Mimi nakuambia walichokiona," Limbu alimkata. "Sikuambii kilichokuwepo."

Akamweleza. Pale kijijini Coleta hasalimiwi tena. Akienda kisimani wenzake wanajitenga mpaka amalize, na wa kwanza kuchota baada yake anamwaga ndoo ya kwanza. Jumapili kanisani, pale kigangoni, benchi lake halikukaliwa na mwingine, amekaa peke yake kama mgonjwa wa kuambukiza. Loth ameacha kumpasulia kuni. Na Angela, maskini, amekaa na msiba wake mpaka umempa jibu: ile picha ilitundikwa ukuta unaoelekea mlango wake, wavu ulitegwa nyuma yake, na wavu umewanasa wanawe wawili. Viwavi nao wakaambiwa wasiguse shamba la mwenye wavu.

"Kesho alasiri wamemwita uani kwake," Limbu alisema. "Wanataka aseme nani alikiweka. Akisema hajui, wataona anaficha."

"Polikarp atawazuia."

"Polikarp anaogopa kuliko wao." Limbu aliigeuza fimbo mkononi. "Mzee, nilikotoka niliyaona haya kwa bibi yangu, aliyemzaa mama. Hayakuanza kwa panga. Yalianza kwa salamu. Alinyimwa salamu kwanza."

Zenon alichukua simu akampigia mama yake mdogo, akamwambia ajiandae, atakuja kumchukua jioni hiyo hiyo akae naye Katandala.

"Nikimbie nini, Zenon?" sauti ya bibi ilisikika mbali, lakini haikutetemeka. "Anayekimbia amekubali. Na ulezi wangu nimwachie nani? Kaburi la baba yako mdogo nimwachie nani?"

Aliwaza kwenda kituoni. Angesema nini? Kwamba watu hawamsalimii mama yake mdogo? Aliwaza kukichoma kile kikaratasi, hadharani, mbele ya macho yao, ingawa mawazo hayo yalimchoma yeye kwanza. Limbu akatikisa kichwa.

"Ukikichoma umesema ni uchawi. Na uchawi ukishachomwa, kinachotafutwa ni mwenyewe."

Zenon alijua ni kweli. Mji wao wenyewe, Sumbawanga, jina lake wazee hulieleza kuwa ni amri ya kutupa uchawi, na tangu zamani mtu akitupa kitu njiani, watu hawakitazami kilichotupwa. Humtazama aliyetupa.

Walikwenda pamoja Alhamisi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka upande wa ziwa, unaleta ukungu mwembamba, na jua lilikuwa juu lakini halina joto. Uani kwa Coleta palikuwa pamejaa. Vijana walikuwa wametoka mashambani, wamekuja na majembe na mapanga yao, jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni kwamba hakuna aliyeyaweka chini.

Coleta alikuwa ameketishwa kwenye kigoda katikati, rozari mkononi. Picha ya Bikira iliegemezwa ukutani karibu naye, imegeuzwa uso, kama mtoto aliyeadhibiwa.

"Mama Coleta," Polikarp alisema bila kumtazama, "watu wanauliza jambo moja tu. Nani alikiweka kile kitu?"

"Sijui, baba."

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Sijui."

Mnong'ono ukapita. Zenon alijipenyeza mbele, akaanza kueleza. Na alieleza vizuri, hilo nalishuhudia. Aliwaeleza Wajerumani walivyokaa Kasanga, barua zilivyobebwa vichwani kutoka ziwani, muhuri ulivyopigwa, karatasi ilivyotengenezwa kiwandani na alama ndani yake. Walimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Watu wa Ufipa hawamkatizi mtu mzima.

Kisha Loth akasema, "Kaka, kama ni kikaratasi tu, mbona ulitukataza kukigusa?"

"Jasho, Loth. Jasho la mkono linaharibu."

"Na yale maji yalikwenda wapi?"

"Yalikauka."

"Kwa baridi hii?"

Zenon alikuwa na jibu, lakini aliziona nyuso, akaona kwamba jibu lake litakuwa jambo lingine tena la ajabu juu ya yale ya kwanza.

"Kikulacho ki nguoni mwako," sauti ikasema kutoka kwa vijana, na watu wazima kabisa wakaitikia kwa vichwa. Angela alikuwa amemkazia Coleta macho makavu. Mduara wa watu waliomzunguka bibi ulikuwa mdogo kuliko ulivyokuwa mwanzo, na hakuna aliyeonekana akipiga hatua. Kijana mmoja alikuwa akipima makali ya panga lake kwa kidole gumba, taratibu, akili yake iko kwingine.

"Mama Coleta, nakuuliza kwa mara ya mwisho," Polikarp alisema. Sauti yake ilipasuka. "Nani?"

Bibi alizivuta punje za rozari. Zenon aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani, na kwa kuwa mikono yake ilitaka kitu cha kushika, aliinama akaiokota ile picha.

Aliona mgongo wake kwa mara ya kwanza. Mjuzi yule, aliyehesabu meno na kupima doa, hakuwa amefanya jambo ambalo hata mwanafunzi hulifanya kwanza: kutazama stempu ilibandikwa wapi. Ubao wa nyuma ulikuwa wa rangi ya chai, na katikati palikuwa na kisanduku cheupe pale stempu ilipokaa. Ndani ya kisanduku palikuwa na tundu, tundu la jicho la mti lililodondoka.

Alilijua tundu lile.

Mwaka alioacha masomo ya upadri, alipita karakana ya useremala ya misheni kutafuta zawadi ya mama yake mdogo, aliyemlea alipofiwa na mama yake. Hakuwa na fedha. Bruda seremala alimpa picha hii kwa bei ya kutupa kwa sababu ubao wake ulikuwa na tundu. Zenon aliponung'unika, bruda alicheka, akaokota kikaratasi chekundu kwenye pipa la makaratasi ya zamani, akakipaka gundi, akaziba. "Mende wasiingie kwa Bikira," alisema. Zenon, akili yake yote ikiwa kwenye aibu ya kurudi nyumbani, hakukitazama mara mbili; akaifunga picha kwenye baiskeli, akaendesha mpaka Mwazye. Alichokitafuta ujana wake wote na uzee wake, alikibeba mwenyewe nyuma ya baiskeli.

Aliinua kichwa. Angeweza kuwaeleza habari ya bruda, ya tundu, ya mende. Alitazama mapanga, akajua habari hiyo itaishia wapi: watasema anamtetea mama yake, na swali litarudi kwenye kigoda.

"Ni mimi," alisema.

Upepo ulikuwa umechukua neno lake. Akalirudia kwa nguvu. "Picha niliileta mimi. Na hicho kilikuwa nyuma yake siku niliyoileta, nilikiona kikibandikwa kwa macho yangu. Mama mdogo hakujua. Hajawahi kujua."

Hakuna neno la uongo alilosema hapo. Kisha akanyamaza, akawaacha waelewe walivyotaka.

Mduara ulifunguka. Walimwacha Coleta katikati na kurudi nyuma, wote, wakimtazama Zenon, na wale wenye mapanga ndio waliorudi mbali zaidi. Nani angemsogelea mtu anayeamuru maji yakauke? Hofu iliyotaka kumwua bibi, sasa ilimkinga mpwa wake.

"Wanangu, kaka?" Loth aliuliza. Alikuwa analia, machozi yanatiririka bila yeye kuyafuta. "Wanangu walikukosea nini?"

"Sikuwagusa wanao, Loth. Naapa mbele ya Mungu."

"Lakini kitu ni chako."

"Ni changu."

Angela aliketi chini mavumbini, akaanza kulia kwa sauti. Kilikuwa kilio cha mtu aliyebeba mzigo mrefu na hatimaye kaonyeshwa pa kuutua. Zenon alimhurumia kuliko watu wote pale, ingawa kilio chenyewe kilimlaumu yeye.

"Chukua kitu chako," Polikarp alisema. "Usirudi hapa tena."

Zenon aliingia ndani, akafungua sanduku, akatoa kibahasha chini ya nguo za kanisani. Meli nyekundu ilikuwa shwari ndani ya plastiki yake. Akaitia mfuko wa shati. Alipotoka alimwendea mama yake mdogo, akainama kumuaga kama anavyomuaga siku zote, mikono miwili mbele.

Coleta aliificha mikono yake ndani ya kitenge.

"Nimesali mbele yake kila siku, Zenon," alisema polepole. "Mume wangu alipoumwa nilisali pale. Watoto wa Loth walipoumwa nilipiga magoti pale, nikaomba. Nilikuwa naomba mbele ya nini, mwanangu? Uliniletea nini nyumbani kwangu?"

Angemnong'oneza. Alikuwa karibu kiasi hicho, angeweza kumwambia yote kwa pumzi moja. Lakini bibi yule hajawahi kuficha jambo usoni tangu azaliwe. Akijua, jua halitazama kabla Angela hajalisoma jambo hilo usoni pake. Na watu walikuwa wanatazama.

"Nisamehe, mama mdogo," Zenon alisema.

Hapo hata wachache waliokuwa na shaka waliishiwa na shaka. Coleta aligeuza uso. Loth alifuta machozi kwa mkono wa shati, akaenda kumshika kiwiko, akamwinua kwenye kigoda kwa upole. "Twende ndani mama mkubwa, baridi hii. Nitakuletea kuni." Wakaingia.

Limbu alimsindikiza Zenon mpaka kijitoni. Hapo akasimama.

"Mama yako ataishi," alisema.

"Najua."

"Mimi siwezi kuvuka nawe, nina watoto hapa." Alitazama nyuma, kisha akatazama maji. "Pikipiki ya hapa usipande. Tembea mpaka Matai, ukapande gari huko. Na usiku wa leo usilale peke yako."

Zenon alivuka akashika barabara. Mabua ya mahindi yalikuwa yakisugana pande zote mbili. Alitembea haraka, mkono mmoja juu ya mfuko wa shati, na alipofika juu ya kilima alisikia pikipiki ikiwashwa kule alikotoka. Aligeuka. Ilikuwa na watu wawili, na wa nyuma alikuwa na panga magotini. Ilipanda kilima taratibu, ikamkaribia, ikapunguza mwendo, ikawa inaenda kwa mwendo wa miguu yake. Alitembea nayo hivyo kwa kitambo, bila mtu kusalimia.

Zenon akasogea pembeni ya barabara ili aipishe. Nayo ikasimama.